Upasuaji wa mtoto wa jicho ni bure, wazee bado hawaoni. Wakuu, tunakwama wapi?

#1 (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Uzi ni mrefu, asiyependa kusoma apite tu tusigombane.

Kila mwaka tunaona matangazo, mabingwa wa macho wanakuja wilaya fulani, vipimo bure, upasuaji bure, gari la spika linazunguka mji mzima, kiongozi anakuja anapiga picha na bibi aliyebandikwa bandeji jicho moja, wiki ikiisha mahema yanang'olewa watu wanaondoka. Sina ugomvi na kambi, zimesaidia wengi. Ila nenda vijiji vilevile miezi miwili baadaye, unakuta mzee yuko palepale kwenye kiti chake mlangoni, chooni anashikwa mkono na mjukuu ambaye saa hizo angekuwa shule. Ukimuuliza mbona hukwenda na ilikuwa bure, anakujibu kwa upole kabisa, "ningekwenda na nani?"

Hilo swali lake ndo mada yangu ya leo, mengine yote ni maelezo.

Tuanze na ugonjwa wenyewe maana humu kila mtu ni daktari. Mtoto wa jicho ni lenzi ya ndani ya jicho imefanya ukungu. Hakuna matone, hakuna asali, hakuna majani ya kuusafisha, ni kuutoa tu. Na kuutoa sio mambo ya NASA. Mgonjwa anachomwa ganzi pembeni ya jicho, daktari anachana mkato wa milimita 6 au 7 kwenye ule weupe, lenzi iliyokomaa inatolewa nzima nzima, inapachikwa ya plastiki, na mkato unachongwa kwa mshazari hivi kwamba presha ya jicho lenyewe inaufunga, hakuna kushona. Mkono uliozoea unamaliza dakika 10 mpaka 15. Kesho yake asubuhi bandeji inatolewa mtu anaanza kuhesabu vidole vya nesi.

Najua kuna atakayesema "hiyo ya kienyeji, wenzetu wanatumia mashine". Mwaka 2007 timu ya Dk. Sanduk Ruit wa hospitali ya macho ya Tilganga pale Kathmandu, Nepal, walichapisha utafiti wa kulinganisha njia hii ya mkato mdogo na ile ya mashine ya gharama, baada ya miezi 6 pande zote mbili asilimia 98 ya wagonjwa walikuwa wamefika kiwango kizuri cha kuona. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye muda na gharama, na hapo mkono uliishinda mashine. Na lenzi nazo si tatizo tena, miaka ya 80 zilikuwa zinatoka Ulaya na Marekani kwa dola 100 na zaidi kila moja, leo zinatengenezwa Nepal na India, bei imeshuka chini ya dola 10.

Kwa hiyo dawa ipo, lenzi ipo, mkono upo. WHO kwenye ripoti yao ya 2019 wanasema watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana tatizo la kuona, na bilioni 1 kati yao ni tatizo ambalo lingezuilika au bado halijatibiwa tu. Na kwenye takwimu zao za baadaye, milioni 94 ni mtoto wa jicho! Yani watu milioni 94 wanasubiri kitu cha dakika 15.

Sasa nirudi kwa mzee wangu. Hapo Kilimanjaro kuna utafiti ulifanyika ukachapishwa 2005, watafiti wakakaa na wazee na familia zao kujua kwa nini wengine wanakubali upasuaji na wengine hawaendi. Kumbe uamuzi si wa mgonjwa. Ni wa familia. Mzee haombi, kwa sababu akiomba anamwambia mtoto wake atoe nauli ya watu wawili, aache shughuli, akae mjini alale sijui wapi, ampikie. Mzee anapima hayo yote kimyakimya anasema "nimeshazeeka, macho ya nini". Na mtoto naye anasema "mzee mwenyewe hajasema". Wote wanapendana na wote wamekaa kimya. Kwa bibi ni mbaya zaidi, maana babu akipofuka nyumba inashtuka, bibi akipofuka anahamishiwa jikoni anakaa karibu na moto, watu wanaona ni uzee.

Ndo maana watu wa KCCO, kituo cha afya ya macho ya jamii pale Moshi, na wale wa Kituo cha Macho Kwale, Kenya, walibadilisha utaratibu. Badala ya kwenda kupima halafu kumwambia mtu "njoo hospitali tarehe fulani", walipanga vituo vya kudumu kwenye kata, tarehe inajulikana mapema, mtu wa pale pale kijijini anaitangaza nyumba kwa nyumba, na siku hiyo aliyekutwa na mtoto wa jicho anapanda gari hilohilo anakwenda kufanyiwa na anarudishwa. Hakuna kurudi nyumbani kujadiliana, hakuna kutafuta nauli. Idadi ya waliofanyiwa ilipanda sana, yamechapishwa hayo.

Hoja yangu sasa. Pesa inayokwenda kwenye kambi ya wiki moja, T-shirt, maji ya chupa na posho za wageni waalikwa, nusu yake iwe nauli na gari la kila mwezi. Bure bila usafiri ni bure ya walio karibu na barabara. Karibuni.

#2

Mkuu umeandika vizuri ila umesahau kitu kimoja, MADAKTARI HAWAPO. Nchi maskini zina wastani wa madaktari bingwa wa macho 3.7 kwa kila watu milioni, nchi tajiri 76. Hilo gari lako likishabeba wazee 40 linawapeleka kwa nani?

#3

Mimi ni nesi wa macho, nimefanya hii kazi muda mrefu, wilaya sitaji.

#2 uko sahihi nusu. Mabingwa ni wachache kweli na wengi wako Dar, Moshi, Mwanza. Lakini nchi hii tuna madaktari wasaidizi waliosomea kutoa mtoto wa jicho, AMO wa macho, na wengine wana mkono kuliko bingwa. Tatizo unamsomesha mtu, anarudi wilayani anakuta hadubini ya upasuaji imekufa taa, nyuzi hamna, lenzi zipo namba moja tu, nesi wake msaidizi kahamishiwa wodi ya wazazi. Anakaa miezi sita hajashika jicho. Baadaye anapewa ukaimu wa ofisi anakuwa mtu wa vikao na mkono unaganda. Kuna utafiti ulifanyika kwa hawa madaktari Kenya, Malawi na Tanzania ukachapishwa 2007, ukakuta wengi wanafanya upasuaji mchache kuliko uwezo wao, na kinachotofautisha anayefanya mwingi na anayefanya mchache ni vifaa na watu wanaomzunguka, si shule aliyosoma.

Kwa hiyo kabla ya kulia madaktari hawapo tuulize waliopo wanafanya nini leo asubuhi.

Alafu lenzi namba moja tu nimesema makusudi. Kila jicho lina kipimo chake, unapima urefu wa jicho na mkunjo wa kioo cha mbele cha jicho ndo unajua uweke namba ngapi. Ukimwekea kila mtu 21 kwa sababu ndo iliyobaki kabatini, mgonjwa anaona ndio, ila anaona kwa taabu, anarudi kijijini anasema "walinipasua na bado sioni vizuri". Huyo mmoja anawakatisha tamaa kijiji kizima kuliko spika la gari lolote. Ubora ndo tangazo, wadau.

#4

Nawasoma kutoka Kitale, Kenya. Hapa kwetu Trans-Nzoia kulikuwa na ile programu ya Peek, ya Dk. Andrew Bastawrous, ya kupima macho na simu. Mwalimu anasimama na simu, mtoto anaonyesha kwa mkono herufi E imeangalia wapi, juu, chini, kushoto, mwalimu anateleza kidole kwa screen upande huohuo bila hata yeye kuangalia jibu, simu inahesabu yenyewe. Lakini hiyo si ndiyo ilinifurahisha. Mzazi alikuwa anapewa karatasi yenye picha mbili, jinsi mtu mwenye macho mazuri anaona ubao, na jinsi mtoto WAKO anaona. Halafu anatumiwa SMS kumkumbusha, na mwalimu anapata majina ya wale hawajaenda. Matokeo yalichapishwa 2018, walipofanya hivyo watoto 54 kwa kila 100 waliopatikana na shida walifika hospitali, shule zile za kawaida zenye barua tu walifika 22.

So mleta uzi ako sawa, shida ni ile safari ya katikati. Kupima watu ni rahisi, kazi ni kuwafikisha.

#5

Simu simu simu. Kila tatizo la Afrika linatibiwa na app. Hata hao 54, si maana yake 46 hawakufika? Mkifanya sherehe kumbukeni nusu ya watoto.

#6 (mleta uzi)

#5 hujakosea, nami sisherehekei. Ila kutoka 22 kwenda 54 kwa kutumia picha na SMS, wewe ungefanyaje? Lete hoja mkuu.

#3 asante sana, hilo la lenzi namba moja sikuwa nalo kichwani na ni zito. Nitaongeza kitu kuhusu India maana linahusiana na #2.

Hospitali ya Aravind, Madurai, kusini mwa India. Dk. Govindappa Venkataswamy alistaafu utumishi wa serikali akiwa na miaka 58, vidole vimepindwa na baridi yabisi, mwaka 1976 akaanza na vitanda 11 kwenye nyumba. Anayeweza kulipa analipa, na hiyo inabeba asiyeweza, na daktari ni yuleyule kwa wote wawili. Wanachotofautiana ni chumba cha kulala, kuna kitanda cha kulipia na kuna mkeka. Mwaka 1992 wakafungua kiwanda chao cha lenzi, Aurolab.

Lakini siri kubwa ni wasichana wa vijijini waliomaliza sekondari, wanawafundisha miaka 2, wanafanya kila kitu ambacho hakihitaji daktari: kupima, kusafisha jicho, kuandaa, kufunga bandeji, kumshauri mgonjwa. Chumba cha upasuaji kina meza mbili, daktari akimaliza huku anageuza hadubini upande wa pili, mgonjwa mwingine yuko tayari keshapigwa ganzi. Hivyo daktari mmoja anafika upasuaji 2,000 kwa mwaka. Kwa hiyo #2, zidisha kazi ya daktari uliyenaye kabla ya kumsubiri ambaye bado yuko sekondari.

Na hata wao kambi ziliwadanganya! Miaka ya 90 mwishoni walichunguza vijiji vilivyokuwa vinahudumiwa na kambi zao, wakakuta kati ya watu wazima wenye tatizo la macho ni 7 tu kwa 100 waliowahi kufika kambini. Aravind, mabingwa wa kambi duniani, 7! Ndo wakaanza kujenga vituo vidogo vya macho vya kudumu kwenye vimiji, mhudumu anakupima pale, daktari anakuona kwa video kutoka hospitali kubwa, miwani unaondoka nayo.

#7

Mimi nina hofu na hizi hadithi za India jamani. Tamil Nadu, jimbo la hiyo Madurai, ukitoka kijiji kimoja hatua mbili kijiji kingine, basi kila dakika, hata mkoani watu wamejazana. Niambie Aravind ya Mpanda itapata wapi wagonjwa 200 kwa siku wa kuilisha hiyo mashine ya meza mbili? Anayelipa ni nani? Mfumo wa anayeweza ambebe asiyeweza unahitaji wanaoweza wawepo. Hapa mwenye hela anapanda ndege anaenda hukohuko India kutibiwa.

#8 (mleta uzi)

#7 hii ndo hoja nzito kuliko zote tangu tuanze, nakubali jiografia ni tofauti. Hesabu ya mafuta ya gari kutoka Mpanda si ya Madurai. Ila hilo linaongeza uzito kwenye nauli, halipunguzi. Huko watu wametawanyika ndo kabisa huwezi kumwambia mzee ajilete.

#9

Wote mnaongelea upasuaji. Mimi ni fundi cherehani niko Tandika, nina miaka 47. Mwaka juzi nilikuwa nimeanza kukataa kazi za suti na kushona usiku, sindano siioni tundu, nampa kijana anitungie uzi. Nikajua macho yanakwisha. Mteja mmoja akanivalisha miwani yake ya kusomea nikashtuka, kumbe ni umri tu! Nikanunua ya mtembezaji pale kituoni, +1.50, kazi zimerudi. Hospitali niliyokuwa nimekwenda kwanza walinipa matone na kuniambia nirudi wiki mbili, hakuna aliyenishikisha hata kikaratasi nisome kwa karibu.

Hii nayo ni afya ya macho au mpaka upofuke?

#10

#9 tena umegusa penyewe, hii ndo inayosahaulika kuliko zote. WHO kwenye hiyohiyo ripoti ya 2019 wanasema milioni 826 wana shida hiyo ya kuona karibu ambayo haijashughulikiwa. Kuna utafiti ulifanyika Assam, India, kwa wachuma chai wa miaka 40 na kuendelea, waliopewa miwani ya karibu uchumaji wao ulipanda kwa asilimia 21.7 kulinganisha na wenzao ambao hawajapewa. Majani ya chai, si kusoma kitabu! Sasa fikiria mama anayechambua mchele, anayesuka ukili, fundi simu, dereva anayesoma risiti.

Na hii haihitaji bingwa. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kufundishwa kuitoa miwani hiyo: una zaidi ya miaka 40, mbali unaona vizuri, soma hapa, jaribu +1, jaribu +2, basi. Akiona mbali nako hakuonekani vizuri ndo anakupeleka kituoni.

#11

Nesi tena, #3. Naunga mkono #10 kwa tahadhari moja. Miwani ya mtembezaji haina madhara kwa jicho, lakini mtu wa miaka 45 akinunua anaona amemaliza, na umri huohuo ndo presha ya macho inaanza kunyemelea. Ile haiumi na haina dalili, inakula pembeni polepole mpaka mtu anaanza kugonga milango, na ilichokula hakirudi hata umpeleke wapi. Mtoto wa jicho unaweza kusubiri, presha ya macho haisubiri. Kama kwenu kuna ndugu wa damu aliyepofuka kwa hiyo kapime, usingoje kuona ukungu.

Na matone wapendwa. Yale ya kuchanganywa na steroidi watu wananunua duka la dawa kwa kuwa yanatuliza wekundu haraka, "nipe kama yale ya siku ile". Ukitumia miezi mingi bila kupimwa yanapandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, na kama ulichomwa na jani shambani jicho likapata fangasi, yanaliozesha. Tumepokea vijana kabisa. Maziwa ya mama, utomvu na mkojo msitie pia, naomba.

#12

Kwetu Kongwa tatizo ni vikope (trakoma). Bibi yangu alikuwa na kibano chake anafunga kwenye pindo la khanga, kila siku asubuhi anakaa juani anang'oa kope zinazoingia ndani zikamkwaruza. Mama zetu ndo wanaopata sana kwa sababu wanalea watoto wenye makamasi na nzi usoni. Kidonge cha msaada cha Zithromax, antibiotiki, kilisaidia sana, vikope kwa watoto vimepungua, ila kuna wazee bado kope zimegeuka na upasuaji wa kope ni dakika chache, unafanyika hata zahanati. Wenzetu Oman walithibitishwa na WHO kuumaliza 2012, Ghana 2018, Malawi 2022. Malawi si matajiri kutuzidi. Na hapa hoja ya nauli haipo, hoja ni maji, kunawisha uso wa mtoto ni ndoo, na ndoo inatoka kilomita ngapi?

#13

Samahani naingilia. Mama yangu yuko Same milimani, miaka 71, jicho la kulia limekuwa jeupe katikati na la kushoto anasema anaona moshi. Mi niko Arusha, kaka zangu mmoja kasafiri na mwingine "anatafuta hela". Nianzie wapi? Na dirisha la wazee ni kweli bure?

#14

#13 dada, nesi hapa. Usimpeleke popote kabla hujapiga simu. Tafuta namba ya hospitali ya wilaya, omba kuongea na mratibu wa macho wa wilaya, kila wilaya inatakiwa kuwa naye. Muulize mawili: huduma ya mkoba ya macho inafika tarafa ya mama lini, na je wanabeba wagonjwa kwenda kufanyiwa au wanaandika rufaa tu. Wakisema wanabeba, subiri hiyo tarehe. Wakisema rufaa tu, mpeleke moja kwa moja penye upasuaji, hospitali ya KCMC pale Moshi ni karibu kwako kuja kumpokea.

Msamaha wa wazee miaka 60 na kuendelea upo kisera kwa asiyejiweza, lakini awe na kitambulisho chake cha mzee au barua ya mtendaji wa kijiji, mkifika bila karatasi mtazungushwa. Na uulize kabisa kama lenzi imo ndani ya huo msamaha, maana sehemu nyingine kumuona daktari ni bure ila lenzi unaambiwa ununue. Apimwe sukari na presha hukohuko kijijini kabla, wengi wanarudishwa mlangoni kwa sababu sukari iko juu, nauli imeshaliwa. Aanze jicho ambalo daktari atasema, si lazima lile jeupe zaidi.

#15

Asante sana dada nesi. Namba nimeipata, nitapiga kesho saa mbili. Yule kaka "anayetafuta hela" nimemtumia huu uzi, ameusoma, anasema nauli ya kwenda atatoa yeye. Ya kurudi hajajibu.

#16 (mleta uzi)

Mwambie tuko hapa tunasubiri jibu lake 😂